Hospitali ya Vitanda Arobaini

Amancio Berrospi ndiye aliyenibeba siku ya ubatizo wangu. Nalisema hili mapema, asije mtu akadai habari zake nimezisikia kwa watu. Wakati huo alikuwa mwalimu wa darasa la nne hapa Yurapata, mtu mwembamba mwenye koti moja, na mama yangu, Vicenta Pumacayo, alimchagua awe baba yangu wa ubatizo kwa sababu ndiye mwalimu pekee ambaye hakuwa akiteremka mjini kila Ijumaa. Tangu siku hiyo mama akawa komadre wake, naye akawa kompadre wa mama. Kwetu undugu huo ni mzito kuliko wa tumbo moja. Ndugu wa tumbo moja hukumchagua.

Nilikuwa na miaka sita alipogombea umeya. Kampeni aliifanya kwa miguu, mlima kwa mlima, akilala majumbani mwetu na kunywa supu yetu. Hakuahidi mambo mengi. Aliahidi hospitali. Kwenda mji mkuu wa mkoa ni safari ya saa sita, na kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyefia njiani. Akachaguliwa kwa kura karibu zote.

Basi ikaja shida ya ardhi. Yurapata yote ni mteremko. Tambarare yenye maji ni moja tu, shamba la viazi ambalo mama aliachiwa na baba yake. Mbele ya mkutano wa kijiji, Berrospi alisimama akiwa ameishika kofia yake mkononi.

"Komadre, siombi kwa ajili yangu," alisema. "Wahandisi wamekataa kujenga kwenye mteremko. Pamebaki pako tu."

"Pale ndipo panapotulisha, kompadre."

"Najua. Ndiyo maana naomba kwa aibu."

Mama aliendelea kutafuna majani yake ya koka. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Vitanda vingapi?"

"Arobaini."

"Na daktari wa akina mama?"

"Wawili, komadre. Mmoja akiugua, mwenzake yupo."

Mama akacheka. Lile la daktari kuugua ndilo lililomteka. Aliona mtu aliyefikiria hata hilo hawezi kuwa anadanganya. "Haya, chukua," akasema, na katibu akaandika.

Shamba likazungushiwa seng'enge. Siku ya jiwe la msingi ilikuja bendi, padri akanyunyiza maji, na chupa ya mvinyo iliyofungwa riboni ikaning'inizwa juu ya jiwe. Mimi, binti wa ubatizo wa meya, ndiye niliyepewa nyundo niivunje. Niliivunja kwa pigo la tatu. Watu wakapiga makofi. Baada ya hapo hakuja mtu. Hakikuja kijiko cha saruji, wala toroli. Majani yakaota ndani ya seng'enge mpaka kiunoni, na sisi tukahamia kulima kwenye mawe kule juu, ambako mama aliteleza msimu wa mvua akaumia goti ambalo halijapona hadi leo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano alipokuja mara ya pili, sasa ni gavana wa mkoa. Alikuja na magari matatu na poncho nyekundu, lile vazi la watu wa milimani, mabegani, yeye ambaye miaka yote aliyoishi nasi hatukuwahi kumwona na poncho. Alisema ramani imebadilika, hospitali itasogea kidogo, kwa hiyo linahitajika jiwe jingine. Mama alichechemea hadi mbele.

"Kompadre, lile la kwanza lilikuwa na kasoro gani?"

Gavana alicheka kwa sauti na kumkumbatia. "Mnamsikia komadre wangu? Huyu ulimi wake ungetosha kuendesha mkoa!"

Watu wote wakacheka. Hata mimi nilicheka, na kicheko kile kinaniuma mpaka sasa.

Nilisomea uuguzi nikarudi nyumbani. Zahanati yetu ni chumba kimoja, kitanda kimoja, na friji ya chanjo inayotegemea umeme ambao mvua ikinyesha tu unakatika. Hapo ndipo aliponijia Natividad, jirani yetu, mke wa Donato. Alijifungua salama asubuhi, mtoto wa kike, lakini kondo la nyuma likagoma kutoka na damu haikukoma. Gari la wagonjwa hatuna. Tulimpandisha kwenye lori la viazi, Donato akimshika kichwa, mimi nikimkandamiza tumbo kwa mikono miwili. Tulipokaribia kileleni, jua likiwa utosini, aliniambia, "Edelmira, nasikia baridi kwenye meno." Kisha akakata roho.

Dereva alisimamisha lori. Donato akaniuliza, "Twende au turudi?"

Tulikaa pale juu, upepo unapiga turubai, magunia ya viazi yamelowa damu, na mtu mzima ananiuliza kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mwenye barabara, twende au turudi. Tulirudi.

Miezi mitatu baadaye Berrospi aligombea ubunge na kuja kuweka jiwe la tatu. Lilikuwa na riboni pia. Mama hakwenda. Alikaa ndani, mlango ameufunga, tunasikia bendi ikipiga. Mjumbe wake alituletea kalenda yenye picha ya baba yangu wa ubatizo akitabasamu, na mama akaitumia kufungia jibini.

Akakaa bungeni miaka tisa. Alihama chama mara tatu, na kila alipohama alisema amehama kwa ajili yetu. Kisha asubuhi moja redio ikatangaza kwamba Rais amemteua Amancio Berrospi kuwa Waziri Mkuu.

Nikisema hatukufurahi nitakuwa mwongo. Tulichinja sungura tunaowafuga jikoni, vijana wakatoa ngoma, na mimi nilicheza. Mtu aliyelala kwenye mikeka yetu anaongoza baraza la mawaziri! Tulijiambia kwamba meya hana nguvu, gavana hana nguvu, mbunge ni mdomo tu, lakini Waziri Mkuu atashindwa nini? Mama peke yake alikaa ametulia. "Sasa hana mtu wa kumsingizia," alisema.

Kwa desturi, Waziri Mkuu mpya huenda bungeni kuomba kura ya imani. Siku hiyo tulijaa kwenye ukumbi wa kijiji, redio imewekwa juu ya meza. Alizungumza kwa saa mbili. Alizungumzia madini, barabara, usalama. Halafu sauti yake ikalegea, kama ya mtu anayekaribia kulia.

"Mimi ni mtoto wa milimani," alisema. Hakuzaliwa milimani. "Nayajua machungu ya mama anayebebwa kwenye lori. Lakini leo, katika kijiji changu cha Yurapata, ipo hospitali ya vitanda arobaini, na akina mama hawafi tena barabarani. Nilichokifanya kwa kijiji changu nitakifanya kwa nchi nzima!"

Wabunge wakapiga makofi. Tuliyasikia vizuri kabisa, makofi marefu.

Donato aliinuka, akavaa kofia, akatoka. Mama akanigeukia.

"Amesema itajengwa?"

"Amesema ipo, mama."

"Ipo?"

"Ipo. Ina vitanda arobaini."

Aliniangalia kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba mwenzake hajachanganyikiwa. Kisha akasema polepole, "Uongo wa kwamba atajenga niliuzoea. Lakini huu wa kwamba amejenga... huyu amemchukua Natividad akamfukua kaburini."

Juma lililofuata tulipanda basi kwenda mji mkuu wa mkoa, ofisi ya usajili wa ardhi. Mama alitaka shamba lake. Alivaa sketi zake za sikukuu, akabeba hati ya baba yake ndani ya kitambaa. Karani alikuwa kijana mstaarabu, lazima niseme haki yake. Aliandika namba kwenye kompyuta na kutikisa kichwa.

"Haiwezekani, bibi. Eneo hili lina hospitali."

"Halina."

"Linayo. Imeandikwa hapa: imekamilika, inatoa huduma. Ina mkurugenzi."

"Nani?"

Karani akasoma jina ambalo hatujawahi kulisikia.

"Mwanangu," mama akasema, "mimi natoka huko. Hapo kuna majani na mawe matatu."

"Bibi, mimi siwezi kurudisha shamba wakati juu yake kuna hospitali. Wagonjwa tutawapeleka wapi?"

Nilidhani mama atapiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Nilimwambia yule kijana kwamba mimi ni muuguzi wa Yurapata, kwamba kitanda nilicho nacho ni kimoja na mguu wake mmoja ni tofali. Aliona haya mpaka masikio. Alisema anaweza kupokea malalamiko, yatajibiwa baada ya siku sitini. Mama akamwuliza kama hospitali ile nayo ilisubiri siku sitini kuandikwa.

Kwenye basi mama hakuzungumza. Tulipofika, hata sketi hakubadilisha. Alichukua koleo, akakata seng'enge sehemu nne, akaingia. Kesho yake akaanza kufyeka. Siku ya tatu walikuja wanawake kumi na wawili na waume zao na majembe ya mguu, yale yanayosukumwa kwa unyayo, Donato akiwa mbele, na kwa siku mbili ile tambarare yote ikageuzwa. Tulipanda viazi. Udongo uliopumzika miaka ishirini na sita ulikuwa mweusi na laini kama mkate.

Viazi vilikuwa vimeshachipua, vina urefu wa kiganja, malori yalipofika. Nasikia mwandishi mmoja huko Lima, mji mkuu, aliomba picha ya hospitali ya Waziri Mkuu, picha haikupatikana, akaendelea kuuliza. Malori manne yakashusha mahema meupe na vitanda vya kukunja. Nilivihesabu, vilikuwa thelathini na kimoja. Hata uongo wao hawakuukamilisha. Msimamizi wao, bwana mmoja mwenye tai aliyejiita Lazarte, alikuja moja kwa moja zahanati.

"Dada muuguzi, kesho kutwa Waziri Mkuu anakuja na waandishi. Tunahitaji wagonjwa."

"Wagonjwa?"

"Kama ishirini hivi. Wepesi. Wasiokohoa sana, maana sauti inaharibu mahojiano."

"Na wakitaka dawa?"

"Dada, hii ni ziara ya saa moja."

Nilimfukuza. Akaniambia nikumbuke ni nani anayenipa kazi. Nikamwambia akumbuke ni nani atakayemshona kichwa akianguka kwenye mteremko ule. Wagonjwa aliwapata. Aliwaleta kutoka mjini, kwa basi.

Lakini mahema hayakuwa na pa kusimama ila pale kwenye tambarare, na kwenye tambarare kuna viazi. Alfajiri ya siku ya ziara mama alikwenda akakaa chini katikati ya matuta. Wanawake wengine wakamfuata. Watu wa Lazarte walisimamisha mahema pembeni, yakabanana kama kuku kwenye tenga, na hema moja tu, lile kubwa lenye msalaba mwekundu, wakalisimika kwa nguvu juu ya matuta mawili ya mwisho. Niliona mashina yakikanyagwa.

Helikopta ilitua kwenye uwanja wa shule. Berrospi alishuka amenenepa, nywele zimepakwa rangi, poncho nyekundu ileile au pacha wake. Waandishi wakamfuata na kamera. Alipomwona mama amekaa kwenye udongo, uso wake ulibadilika mara moja tu, kisha tabasamu likarudi. Aliinama mpaka sikioni kwa mama. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu.

"Komadre," alinong'ona, "inuka, nakuomba. Nisaidie siku moja tu. Nikivuka hapa, hospitali ya kweli inakuja. Nakuapia kwa ubatizo wa Edelmira."

"Miaka ishirini na sita nimekusaidia," mama akasema, naye hakunong'ona. "Uliomba kwa aibu. Aibu uliipeleka wapi?"

"Komadre, kuna kamera."

"Ziko wapi? Mwambie mwenye kamera aje. Aone viazi."

Akajiinua na kunigeukia mimi, mikono ameitandaza. "Edelmira, binti yangu! Ndugu waandishi, huyu ni binti yangu wa ubatizo, muuguzi wa hospitali hii!"

Kamera zote zikanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa usiku na mchana na maneno yote yakanikimbia, yakabaki ya kawaida tu. Nilisema, "Hospitali hii imekuja juzi kwa malori. Wagonjwa wamekuja jana kwa basi. Mimi nina kitanda kimoja. Natividad Huarca alifia mikononi mwangu kwenye lori la viazi, na huyu alisimama bungeni akasema akina mama hawafi tena. Muulizeni. Muulizeni Natividad amezikwa wapi." Nilikuwa nalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira, mpaka meno yanagongana.

Naye alifanya nini? Alinikumbatia. Alinivuta kifuani pake nikiwa bado nasema, akaniwekea kiganja juu ya kichwa, akawaambia waandishi kwa sauti nzito, "Mnaona jinsi wauguzi wetu wanavyochoka? Hawa ni mashujaa. Lazima tuwape mapumziko." Nilijinasua na kumsukuma, lakini nilikuwa nimeshapigwa picha. Jioni televisheni za Lima zikaonyesha Waziri Mkuu akimfariji muuguzi anayelia, sauti yangu imezimwa, juu yake wameweka filimbi za milimani.

Kwa siku tatu nchi nzima ilimsifu kwa moyo wake. Nilikuwa sili. Siku ya nne redio ndogo ya wilaya, ambayo mtangazaji wake alikuwa pale na kinasa sauti chake, ilirusha maneno yote tangu mama aliposema kuhusu aibu. Yakaenea. Watu wakaanza kuuliza. Yeye akasema sauti imetengenezwa na maadui wa maendeleo, na bunge likaunda kamati. Kamati ilikutana mara mbili, na ya pili wajumbe hawakutimia.

Laiti ningeweza kuandika kwamba sisi ndio tuliomwangusha. Aliondoka baada ya siku sabini na moja, aligombana na Rais juu ya nani awe waziri wa madini. Siku ya kuaga alitaja Yurapata tena. Baada ya mwezi alipewa ubalozi huko Ulaya, na picha niliyoiona gazetini alikuwa amevaa skafu nzuri, nyuma yake kuna ziwa.

Mimi nilipata barua ya uhamisho, "kwa mahitaji ya huduma," kwenda zahanati iliyo mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Mama alipata ya kuitwa mahakamani: ameshtakiwa kwa kuharibu uzio na bustani ya hospitali. Bustani! Hakimu, mzee mwenye pumu, aliamua kupanda kuja kuliona eneo mwenyewe. Alisimama pale akihema, akaangalia huku na huku.

"Hospitali yenyewe iko wapi?" akauliza.

"Umesimama kwenye wodi ya wazazi, mheshimiwa," Donato akamjibu.

Hakimu hakucheka. Alimwagiza karani wake aandike anachokiona: viazi, maua meupe na ya zambarau, mawe matatu yenye maandishi, jina moja kwenye yote. Kesi ikafutwa. Lakini kurudisha shamba kwenye daftari la serikali, alisema, si kazi yake.

Baada ya mavuno kijiji kilikaa mkutano. Mama alisimama na kusema atatoa kona moja ya shamba, hatua kumi na mbili kwa nane, lakini safari hii hampi mtu yeyote anayeomba kura. Kila nyumba ilileta matofali ya udongo, na kwa wiki tano tulijenga chumba cha kuzalia. Mimi nilikuja siku zangu za mapumziko nikapaka chokaa. Kina vitanda viwili, jiko la kuni, na dirisha lililotazama barabara. Tukaandika kuomba mkunga. Katibu aliisoma barua hiyo mara tatu kwa sauti kabla hatujaipiga muhuri, tusije tukakosea heshima.

Jibu lilikuja mwezi wa nane. Wakubwa wa afya wa mkoa wanatupongeza kwa ari yetu, lakini wanasikitika kwamba mkunga hawezi kupelekwa Yurapata, kwa kuwa kumbukumbu zao zinaonyesha kijiji kina hospitali ya vitanda arobaini yenye watumishi kamili.

Mama hajui kusoma. Nilikuwa nyumbani mapumzikoni, akanitaka nimsomee sentensi hiyo, kisha nimsomee tena. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ofisi ya aliyesaini inafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia saa mbili. Akaingia ndani kutafuta sketi zake za sikukuu.

Kesho yake hatukuwa wawili. Tulikuwa basi zima, na katika kiti cha nyuma alikuwapo Rufina wa kijijini kwetu, mwenye mimba ya miezi tisa, ambaye mama alimwambia asihangaike kutafuta pa kujifungulia, atajifungulia hukohuko mezani kwa bwana mkubwa aliyesaini barua.